Kuhamisha kisima cha jumuiya kutoka dizeli kwenda sola

Kisima kinachowahudumia watu 1,000 kwa jenereta ndogo huunguza kama lita 4 za dizeli kila siku. Kwa mwaka hizo ni karibu lita 1,500, na kila lita ikiungua huachia kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Kuiondoa dizeli hiyo kunawezekana, vifaa vyake vimekomaa, na fundi mzuri wa maji akishirikiana na fundi umeme wanaimaliza kazi kwa siku chache. Miradi mingi huangushwa na jambo moja: kuanza na paneli. Mchango unapatikana, paneli zinanunuliwa kadiri pesa inavyofika, kisha ndipo mtu anauliza kisima chenyewe kinatoa maji kiasi gani. Anzeni na maji, mje kwenye pampu, paneli ziwe za mwisho. Mfuko wa matengenezo ufunguliwe kabla ya hayo yote.

Maji mnayohitaji na maji mliyonayo

Chukueni idadi ya watu wanaochota, zidisheni kwa lita za siku. Kwa maji ya kuchota kwenye bomba la pamoja, lita 20 kwa mtu ni kiwango cha chini. Pigeni hesabu kwa 25. Mifugo ihesabiwe peke yake. Ongezeni asilimia 20 kwa ajili ya uvujaji na watu watakaoongezeka. Watu 1,000 kwa lita 25 ni lita 25,000. Pamoja na nyongeza ni lita 30,000, yaani mita za ujazo 30 kwa siku. Mfano huu tutaenda nao mpaka mwisho.

Sasa kisima. Tafuteni ripoti ya majaribio yaliyofanywa kilipochimbwa. Kama imepotea au ni ya zamani, jaribio lirudiwe: maji yapampiwe kwa kasi isiyobadilika, ikiwezekana saa 24, huku kina cha maji kikipimwa kila baada ya muda, na baada ya kuzima mpime yanavyorudi juu. Mnatafuta namba tatu: maji husimama wapi kisima kikiwa kimepumzika, hushuka mpaka wapi pampu ikiwa kazini, na kisima kinavumilia mita ngapi za ujazo kwa saa bila maji kuendelea kushuka. Namba hiyo ya tatu msiitumie yote. Chukueni asilimia 60 hadi 70.

Jenereta husukuma kwa kasi ileile saa yoyote mnayoiwasha. Pampu ya sola hufuata jua: asubuhi kidogo, adhuhuri kwa nguvu zote, jioni kidogo. Ili kujua kasi ya adhuhuri, gawanyeni maji ya siku kwa saa za jua kamili, yaani saa ambazo jua lote la siku lingechukua kama lingewaka muda wote kwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Namba ya eneo lenu mtaipata bure kwenye ramani ya Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia, au kwenye PVGIS ya Tume ya Ulaya ambayo huonyesha mwezi mmoja mmoja. Msichukue wastani wa mwaka. Chukueni mwezi wenye jua dogo kuliko yote, kwa sababu mwezi huo nao watu watakunywa maji.

Tuseme mwezi huo una saa 5. Mita 30 ukigawa kwa 5 unapata mita za ujazo 6 kwa saa wakati wa adhuhuri. Kisima kilichopimwa kikatoa 10 kinatosha. Kilichopimwa 6 hakitoshi, na hakuna idadi ya paneli ya kukiokoa kwa pampu hiyo: maji yatakauka saa sita mchana, pampu itajizima, itasubiri, itawaka tena, siku nzima, mpaka mota ichoke. Kisima cha namna hiyo kinataka pampu ndogo yenye paneli nyingi kuliko inavyohitaji, ili ifike kasi yake ya juu mapema asubuhi na kuishikilia mpaka alasiri.

Kimo cha kusukuma

Kosa la kawaida ni kupima kuanzia mdomo wa kisima. Pimeni kuanzia pale maji yanaposhuka pampu ikiwa kazini, mpaka pale bomba linapomwaga ndani ya tangi, kisha mwongeze msuguano wa bomba. Katika mfano wetu maji hushuka mpaka mita 48 chini ya ardhi, tangi liko kwenye mwinuko na mdomo wake uko mita 15 juu ya kisima, na msuguano ni mita 7. Jumla mita 70.

Hizo mita 7 za msuguano zinastahili kutazamwa kwa karibu. Maji ya mita za ujazo 6 kwa saa yakipita kwenye bomba la plastiki la milimita 63, hupoteza kama mita 1.1 kwa kila mita 100. Yakipita kwenye bomba la milimita 50, hupoteza zaidi ya mita 3. Kama tangi liko mita 500 kutoka kisimani, tofauti ya mabomba hayo mawili ni kama mita 11 za kimo, ambazo mtazilipia kwa paneli na pampu kubwa zaidi kwa miaka yote ya mradi. Bomba pana ni akiba rahisi kuliko zote katika kazi hii, na ndilo watu hukimbilia kulipunguza.

Nishati inayotakiwa ni mita za ujazo za siku, mara kimo, gawa kwa 367. Kwa mfano wetu: 30 mara 70 gawa kwa 367, sawa na kilowati-saa 5.7 kwa siku. Hiyo ni kazi ya kuyainua maji yenyewe. Pampu na mota ndogo hufikisha kama asilimia 45 tu ya umeme zinaopewa, kwa hiyo motani lazima ziingie kilowati-saa 12.7.

Pampu: ya zamani au mpya?

Swali hili huulizwa kila mahali, na jibu letu mara nyingi ni mpya. Pampu ya jenereta kwa kawaida ilichaguliwa kujaza tangi kwa saa chache, hivyo ni kubwa kuliko inavyofaa sola. Tena huwa ni ya fezi tatu, volti 380. Kuiendesha kwa sola kunahitaji inveta ya pampu, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa fezi tatu, na ili inveta itoe volti 380 kamili, paneli lazima ziipe volti 540 hivi za mkondo mnyoofu (DC). Paneli moja ya wati 400 hutoa kama volti 31 ikiwa kazini, kwa hiyo 18 kwa mfululizo zinafika 558, na kwenye karatasi zinatosha. Juani seli zikifika nyuzi 65, volti hizo hushuka mpaka karibu 485 na mota haifiki kasi yake. Zitatakiwa 20 au 21, hata kama kwa maji mnayohitaji 9 zingetosha, kama hesabu ya chini itakavyoonyesha. Na kabla ya kuongeza, someni kwanza volti ya juu ambayo inveta inavumilia.

Pampu iliyotengenezwa kwa sola, yenye kontrola yake (kifaa kinachoongoza mota kwa umeme wa paneli), hukubali volti za chini na huanza taratibu. Ziko aina mbili. Ya panga za kuzunguka hufaa maji mengi na kimo cha wastani. Ya skrubu hufaa maji machache na kimo kirefu. Pampu ya panga ikizunguka kwa asilimia 70 ya kasi yake, kimo inachoweza kufikisha hushuka mpaka asilimia 49. Ndiyo maana asubuhi saa mbili kontrola huonyesha mota inazunguka na waya una joto, lakini sindano ya mita ya maji imelala. Maji yamepanda bombani yakaishia njiani. Ya skrubu husukuma hata ikizunguka polepole.

Mkienda kununua, pelekeni namba nne: maji ya siku, kimo, kasi ya juu ambayo kisima kinavumilia, na kipenyo cha ndani cha kisima. Muuzaji asiyeuliza hata moja kati ya hizo hajawapa pampu, amewauzia sanduku.

Paneli na mahali pa kuziweka

Joto, vumbi, nyaya na kontrola hula kama robo ya umeme wa paneli. Kwa hiyo 12.7 gawa kwa 0.75, kisha gawa kwa saa 5: kilowati 3.4. Paneli 9 za wati 400 zinatoa 3.6, na zinachukua kama mita za mraba 18. Zikiungwa kwa mfululizo zinatoa volti 279 kazini na kama 333 zikiwa wazi, bila mzigo. Hiyo ya pili ndiyo inayoua kontrola. Asubuhi ya baridi ya nyuzi 5 hupanda kwa asilimia 6 hivi, mpaka 353. Kontrola yenye kikomo cha 350 haifai hapo, hata kama mchana wote inaonekana salama.

Mahali pawe na jua tupu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, miezi yote ya mwaka. Paneli zilizo kwenye mfululizo mmoja hutegemeana: kivuli cha tawi moja juu ya paneli moja hupunguza umeme wa zote. Kama kisima kiko chini ya mti, mti uachwe, paneli zisogezwe mita 40. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 6, umbali huo kwa ampea 13 hupoteza volti 3 tu.

Zielekezwe upande wa ikweta, mwinamo ukaribiane na latitudo ya mahali, ila usipungue nyuzi 10 hata mkiwa kwenye ikweta yenyewe. Paneli iliyolala kabisa hukusanya vumbi na maji machafu kwenye ukingo wa chini, na seli za ukingo huo zikifunikwa, umeme unashuka kama vile kuna kivuli. Fremu iwe ya chuma kilichopakwa zinki, miguu yake ikiwa imezikwa kwenye zege. Penye upepo mkali, mhandisi apige hesabu ya ukubwa wa msingi. Tumieni nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida, na wekeni paneli panapoonekana na nyumba za watu. Uzio peke yake hauzuii wizi kama macho ya majirani.

Umeme wake si umeme wa nyumbani

Volti 300 za mkondo mnyoofu zinaua, na cheche yake haizimiki yenyewe kama ya umeme wa nyumbani. Swichi ya kukatia kati ya paneli na kontrola lazima iwe ya mkondo mnyoofu, yenye kiwango cha volti zinazozidi zile za asubuhi ya baridi. Breka ya nyumbani ikiwekwa hapo itafungua, cheche itabaki ikiwaka ndani yake, na sanduku litaungua. Soketi za MC4, zile zinazounganisha nyaya za paneli, zisichomolewe kamwe pampu ikiwa kazini. Zima kontrola, kata swichi, ndipo uguse.

Soketi hizo za MC4 zina ugonjwa wao. Dume la kampuni moja huingia kwenye jike la kampuni nyingine na kubana vizuri, lakini vyuma vya ndani havilingani; hupata joto, plastiki hulainika, na baada ya miezi kadhaa utaona weusi pale zinapoungana. Tumieni za aina moja, na zibanwe kwa koleo lake. Zilizobanwa kwa koleo la kawaida huishia hapohapo kwenye weusi.

Fremu, kontrola na kichwa cha kisima viunganishwe kwa waya mmoja wa ethi hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, na ukinzani upimwe; lengo ni chini ya omu 10. Wekeni kizuia mawimbi ya radi kwenye nyaya za paneli. Nyaya nyembamba za vihisi nazo zinahitaji chake, na ndizo husahaulika, ilhali waya wa swichi ya boya (inayosimamisha pampu tangi likijaa) unaotembea mita 500 mpaka tangini ni njia ambayo radi huipenda.

Kutoa ya zamani, kushusha mpya

Kazi hii huumiza watu. Bomba likiwa limejaa maji huwa zito sana, kwa hiyo tumieni tripodi na kapi ya mnyororo, na vibano viwili: kimoja kikiinua, kingine kikiwa kimelala mdomoni mwa kisima kikishikilia bomba. Hakuna kufungua kiungo chochote kabla kibano cha chini hakijakaza. Hesabuni mabomba yakitoka na muandike; hesabu hiyo huonyesha pampu ilikaa wapi hasa, na mara nyingi haifanani na ripoti.

Pampu mpya ikae mita 5 hivi chini ya kiwango ambacho maji hushuka, isikae mbele ya chujio la kisima (sehemu yenye matundu ambayo maji huingilia), na isiguse matope ya chini. Kama itakaa chini ya chujio, mota ivalishwe ganda la kuelekezea maji, la sivyo maji huingia pampuni kutoka juu, mota haipozwi na huungua ikiwa imezama. Kihisi cha kukauka kifungwe kwenye bomba mita moja juu ya pampu. Viungo vya waya vifungwe kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, kisha muunganisho utumbukizwe kwenye ndoo ya maji kwa saa moja na mhandisi apime ukinzani wake kabla ya kushusha. Kipimo hicho cha ndoo ni saa moja tu. Kuipandisha pampu tena kutoka mita 60 ni siku nzima. Kamba ya usalama iwe ya nailoni au ya chuma kisichoshika kutu, na isibebe uzito. Uzito ubebwe na bomba.

Kisha safisheni kisima kwa klorini. Kisima cha kipenyo cha milimita 150 hubeba lita 17.7 kwa kila mita ya maji. Mita 50 za maji ni lita 885, na kwa miligramu 50 za klorini kwa lita zinatosha gramu 70 za unga wa klorini wa asilimia 65. Koroga unga kwenye ndoo, mimina, acha usiku kucha, kisha pampia nje mpaka harufu iishe. Maji hayo yasiingie tangini wala kijitoni.

Tangi badala ya betri

Betri hazihitajiki. Tangi la siku mbili, yaani lita 60,000 kwa mfano wetu, hubeba siku ya mawingu kwa gharama ndogo na halichoki. Hakikisheni tangi likijaa pampu inasimama. Boya la valvu peke yake ni hatari: likifunga, pampu huendelea kusukuma dhidi ya bomba lililozibwa mpaka maji yapate joto au kiungo kipasuke. Liambatane na swichi ya shinikizo kisimani, au pawe na swichi ya boya iliyounganishwa na kontrola.

Siku ya kuwasha

Kabla ya kuunga kontrola, pimeni volti za mfululizo. Kwa paneli 9 zenye joto la mchana tegemeeni 300 hadi 310. Mkikuta imepungua kwa 35 hivi, kuna paneli moja iliyorukwa au iliyokufa. Ikipungua kwa 70, moja imeungwa kinyume. Baada ya kuwasha, kama mota ni ya fezi tatu na maji yanatoka kwa unyonge, badilishaneni nyaya mbili zozote za mota. Huenda inazunguka kinyume. Soma mita ya maji kila saa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku ya jua safi, na karatasi hiyo ihifadhiwe. Miaka mitatu baadaye, mtu akisema pampu imepungua nguvu, ndiyo itakayoamua.

Daftari na mfuko

Dizeli ilikuwa na faida moja ya uchungu: ililazimisha watu kuchanga. Siku ya kwanza ya sola watu huona jua ni bure na michango hukoma. Paneli hudumu miaka 25, lakini pampu na kontrola hudumu kama 7 hadi 10, na siku zitakapokufa mfuko ukiwa mtupu, jenereta hurudi. Tumeona ni bora kupunguza mchango kuliko kuufuta. Chukueni bei ya pampu na kontrola, gawanyeni kwa miezi 96, kisha kwa idadi ya kaya. Hicho ndicho kiwango cha chini cha mfuko wa kubadilishia. Malipo ya mlinzi na fundi yaongezwe juu yake. Fedha ya mfuko ikae akaunti yake, na hesabu zisomwe mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu.

Daftari liwe na mita ya maji ya kila siku na kina cha maji kisimani cha kila mwezi, kikipimwa asubuhi kabla pampu haijaanza. Safu hiyo ya pili isiachwe. Maji yasiyolipiwa mafuta hushawishi watu kumwagilia mashamba kwa kisima cha kunywa, na kisima hakilalamiki. Kiwango kinashuka sentimita kwa sentimita. Kikishuka mwezi baada ya mwezi bila kurudi msimu wa mvua, punguzeni saa za kupampu mara moja. Paneli zioshwe alfajiri kwa maji matupu na kitambaa laini. Maji baridi yakimwagwa kwenye kioo chenye moto wa mchana, kioo kinaweza kupasuka.

Jenereta ya zamani muiache msimu mmoja wa mvua, ikiungwa kwa swichi ya kubadilishia isiyoruhusu vyanzo viwili kuwaka pamoja, na kila saa inayowaka iandikwe. Msimu ukiisha na saa hizo ni chache, ongezeni paneli mbili kama kontrola inaruhusu, kisha uzeni jenereta na fedha yake iwe mbegu ya mfuko. Oili chafu na masalia ya dizeli ya tangi lake yapelekwe kwa wanaokusanya mafuta machafu, na udongo uliolowa mafuta karibu na kisima uchimbwe na kuondolewa kabla mvua haijanyesha.